Mtoto wa wiki 30 amepungua uzito na pumzi humkatika: je, anarudi nyuma?

Swali: Asalaam aleikum, daktari. Nimejifungua mtoto wa kiume hapa Malindi mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na gramu 1,300. Leo ni siku ya sita na mizani inaonyesha gramu 1,190. Analishwa maziwa yangu kwa mpira wa puani, na jana kengele ya mashine ililia mara nne kwa sababu pumzi zilimkatika. Mama mkwe anasema maziwa hayamtoshi, aongezewe maji ya glukosi. Je, mtoto anarudi nyuma?

Jibu: Waaleikum salaam, mama, na hongera kwa uzazi. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili kwamba anarudi nyuma. Amepungua gramu 110, yaani asilimia 8 na ushei, na mtoto njiti kupungua hadi asilimia 10 katika wiki ya kwanza ni kawaida, kwa kuwa mwili wake unatoa maji ya ziada aliyozaliwa nayo. Tunatarajia aurudie uzito wa kuzaliwa kwenye siku ya 14 hivi, kisha aongeze takriban gramu 15 kwa kila kilo kwa siku.

Suala la pumzi ndilo zito zaidi. Sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua bado ni changa, kwa hiyo njiti husahau kuvuta pumzi. Sisi huandika tukio pale pumzi zinapokatika kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi zaidi endapo mapigo ya moyo au oksijeni imeshuka. Mara nyingi muuguzi humsugua unyayo kwa kidole, naye akashtuka na kuendelea. Dawa yake ni kafeini, hiyo hiyo iliyomo kwenye kahawa ya dele, ila hupimwa kwa uzito wa mtoto. Wengi huacha kukatika pumzi wakifika wiki 36 au 37, zikihesabiwa tangu mimba ilipoanza.

Basi linganisha jana na leo. Kengele zikiongezeka ghafla, au tumbo likivimba, akatapika kijani, choo kikawa na damu, akalegea au akapoa, mwambie muuguzi papo hapo bila kungoja daktari apite wodini, kwani huenda ni maambukizi au ugonjwa wa utumbo.

Maji ya glukosi, hapana. Yatachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo, na chochote atakachotiliwa kinywani kwa siri kinaweza kuingia mapafuni, kwa sababu kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja huanza kupatana kati ya wiki 32 na 34. Wewe kamua angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo.

Joto la Malindi nalo hudanganya: mama anatiririka jasho huku mtoto anapoa, maana hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Omba awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na nepi tu, mfungwe kwa leso. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Wodi ikiruhusu, mama mkwe apokee zamu ukienda kukamua, mradi amevua bangili na kunawa hadi viwikoni.