Maswali ya Wasomaji: Visanamu vya Vita Mezani

SWALI: Napulizia visanamu vya mchezo wa vita wa mezani undakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, nikiwa barazani, lakini vinakauka na chengachenga kama vimenyunyiziwa unga. Kopo ni jipya. Tatizo nini? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Kama kopo ni zima, tazama umbali na hewa. Ukisimama mbali, au upepo wa ziwa ukivuma, matone hukauka njiani na kutua kama vumbi. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, kwa mipigo mifupi. Kila mpigo uanzie nje ya kisanamu na uishie nje, mkono usitulie mahali pamoja. Kabla ya hapo tikisa kopo dakika mbili nzima, ukihesabu tangu gololi ya ndani ianze kugonga.

Unyevu nao huipausha rangi. Miezi ya masika usipulizie alfajiri wala jioni. Subiri saa nne au saa tano asubuhi, hewa ikishakauka. Jioni ina balaa la pili: vijidudu vya ziwani vikitua kwenye rangi mbichi vinabaki humo humo. Mvua ikikataa kukatika, paka undakoti ya maji kwa brashi.

Vilivyokwisha kuharibika, chenga nyepesi hutoka kwa mswaki mkavu. Zikiwa nzito, visanamu vya plastiki au chuma vilaze usiku mmoja ndani ya Dettol ya kahawia isiyotiwa maji, kisha sugua ukiwa umevaa glavu, mahali penye hewa. Suuza kwanza kwa Dettol yenyewe. Maji yakiiwahi rangi iliyolainika, inageuka ulimbo na kazi inaanza upya. Vya resini usivitumbukize, vinaweza kuharibika.

SWALI: Naandaa mapigano ya Bukoba ya Juni 1915, kati ya Waingereza na Wajerumani, kwa visanamu vya milimita 28. Nyuso za askari zinatoka kijivu. Nikianza na nyeusi, sura zinapotea chini ya kofia. (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Maelekezo mengi ya kupaka ngozi yameandikwa kwa nyuso za Kizungu, ndiyo maana yanakwambia uongeze nyeupe ili kupata mwanga. Kwenye ngozi nyeusi ushauri huo ni sumu. Kahawia iliyotiwa nyeupe hupoa na kuelekea kijivu, na askari wako anaonekana amepauka kama aliyekosa mafuta.

Anza na kahawia iliyokolea, mikono miwili myepesi, yaani matabaka mawili. Kivuli kipate kwa kahawia hiyohiyo iliyotiwa tone la bluu ya giza, uipitishe chini ya ukingo wa kofia, chini ya kidevu na nyuma ya masikio. Mwanga wa kwanza ni sehemu tatu za kahawia kwa moja ya chungwa iliyofifia: paji la uso, mashavu, pua, kidevu, vifundo vya vidole. Wa pili ni nusu kwa nusu, doa tu kwenye ncha ya pua na juu ya mashavu. Viganja viwe vyepesi zaidi, midomo iwe na wekundu kidogo. Macho yasipakwe nyeupe safi. Tumia rangi ya krimu, la sivyo kikosi kizima kitaonekana kimeshtuka. Tena andaa kahawia tatu tofauti uzichanganye kikosini, maana hakuna kombania ya watu waliofanana ngozi.

Kuhusu sare, askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani walivaa kaki, tarbushi yenye kifuniko cha kaki na mikanda ya ngozi ya kahawia. Wengi walibeba bunduki za Mauser za muundo wa 1871, za baruti yenye moshi mwingi, kwa hiyo kipande cha pamba kwenye mdomo wa bunduki si mapambo matupu. King's African Rifles, askari Waafrika wa upande wa Waingereza, nao walivaa kaki. Ili msigombane mezani, paka ukingo wa kitako, kile kibao anachosimamia kisanamu, rangi moja kwa kila upande.

SWALI: Nina askari 20 wa zamani, nimeongeza 20. Kaki hazilingani ingawa chupa ni ileile. (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Kagua undakoti kwanza. Kaki juu ya nyeusi hutoka nzito kuliko juu ya kijivu, na vanishi ya zamani nayo hubadilisha rangi. Usirudie wote. Wapitishie wote 40 kahawia moja iliyozimuliwa sana, sehemu moja ya rangi kwa nne za maji, ijae kwenye mikunjo, kisha ikikauka pitisha juu ya mikunjo brashi kavu yenye kaki mpya kidogo. Tofauti kidogo itakayobaki iache; sare halisi zilichujuka kwa jua na kufuliwa. Kuanzia sasa changanya rangi ya kikosi kizima kwa mkupuo mmoja, uihifadhi kwenye chupa ya matone iliyooshwa, vipimo ukiviandika kwenye lebo. Paka wanane au kumi kwa zamu. Ukipanga 40 mezani utachoka kabla ya mikanda.

SWALI: Mchanga wa ufukweni unafaa kwa vitako? Na mawe kama ya Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza? (Msomaji, Capri Point)

JIBU: Unafaa ukishaoshwa, ukaanikwa na kuchekechwa kwa kichujio cha chai. Ubandike kwa gundi nyeupe ya seremala. Mawe chonga kwa povu jeupe la vifungashio, ila usilipulizie rangi ya kopo likiwa tupu, litayeyuka. Lipake kwanza gundi hiyohiyo iliyochanganywa na rangi ya maji, mikono miwili, hata kwenye nyufa.