Chopsi za nguruwe: nje zimekauka, kwenye mfupa bado nyekundu

SWALI: Shikamoo mpishi. Niko Nyegezi, Mwanza. Nikikaanga chopsi za nguruwe kwenye jiko la mkaa, nje zinaungua lakini karibu na mfupa bado nyekundu. Nikiziacha zaidi zinakuwa ngumu, hazitafuniki. Mtandaoni wanasema nyuzi 63 zinatosha. Nitajuaje zimeiva?

JIBU: Marahaba. Kwanza achana na rangi. Nyama iliyoshikana na mfupa huweza kubaki na wekundu hata ikiwa imeiva, na nyingine hupauka kabla joto halijatosha. Nunua kipimajoto cha nyama (kile cha homa hakifai, kinaishia 42). Kichomeke kwa ubavuni hadi katikati ya nyama, kisiguse mfupa.

Kipime kwanza kwenye maji yanayochemka. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika 100, nacho kitasoma kama 96. Ni kizima hicho, usikirudishe dukani.

Hizo 63 ni za Marekani. Wizara yao ya kilimo ilizishusha kutoka 71 mwaka 2011, kwa nyama isiyosagwa, tena ipumzike dakika 3 kabla ya kuliwa. Huku kwetu wapo nguruwe wanaozurura na kula vinyesi, na humo ndimo tegu anamopitia. Nyama yenye vijinundu vyeupe vya tegu, kama punje za mchele, usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Muhuri wa mkaguzi udai, ila vijinundu vichache huweza kumponyoka hata yeye. Mimi napika hadi 71. Naipua ikifika 68, naifunika dakika 5, napima tena. Isipofika, inarudi jikoni.

Sasa huo ukavu. Nadhani bucha wanakukatia nyembamba, tena upande mmoja mnene. Omba unene wa inchi moja, sawasawa. Paka chumvi saa moja kabla. Chanja ukanda wa mafuta sehemu tatu nne, maana usipochanja hujikunja kwenye joto, chopsi inabinuka na katikati haigusi kikaango. Kingo zinaungua huku kwenye mfupa bado. Anza na moto mkali, pande zote mbili zipate rangi ya kahawia, kisha punguza mkaa na ufunike. Hapo kwenye kupunguza ndipo wengi wanaposhindwa, njaa inawaharakisha.

Kitimoto cha baa hakina shida hii kwa sababu hukatwa vipande vidogo na kukaangwa hadi ndani.

Kama kipimajoto hujapata, chopsi kavu ziache kwa sasa. Zikaange zipate rangi, kisha zimalizie kwenye rosti ya nyanya na vitunguu, zitokote polepole nusu saa hivi hadi nyama iachie mfupa. Utakula na ndizi bila wasiwasi.