Wawekezaji wa umeme wakisamehewa kodi, bei ya yuniti itashuka?

SUALI: Asalaam alaykum mhasibu. Mie niko Wete. Kila siku nasikia serikali iwasamehe kodi kampuni za sola ili umeme uwe rahisi. Jee, wakisamehewa bei kwenye Tukuza (mita ya umeme wa kulipia kabla) itashuka kweli au watakula wenyewe? Na si bora itolewe ruzuku tu tukajua moja?

JIBU: Waalaykum salaam shekhe wangu. Inategemea ni kodi ipi, mana watu wanaposema "kodi" wanachanganya vitu viwili ambavyo havikai pamoja hata kidogo.

Ipo kodi ya faida, hii ni asilimia 30 ya kile kinachobaki baada ya gharama. Sasa chukua mtambo wa sola wa bilioni 20 (nambari za mfano tu hizi), bilioni 14 mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 12. Mwaka wa mwanzo kauza umeme wa bilioni 3. Toa riba bilioni 1.68, toa uchakavu bilioni 1 ukiugawa kwa miaka 20, toa mishahara na matengenezo milioni 400, kampuni ina hasara ya milioni 80. Asilimia 30 ya hasara ni ngapi? Sifuri. Kwa hiyo ukimpa mtu kama huyu msamaha wa miaka mitano hujampa kitu, kausherehekea tu kwenye picha za kusaini mkataba. Anaenufaika ni yule ambae biashara yake ina faida toka siku ya kwanza, na huyo angekuja hata bila ya msamaha. Halafu kodi hii ya faida ni kodi ya mapato, na hiyo ni jambo la Muungano, si kitu cha kuamuliwa na serikali ya Zanzibar pale Vuga peke yake.

Sasa tazama riba. Serikali ikiweka dhamana kwamba umeme utakaonunuliwa na shirika la umeme utalipwa kwa wakati, benki ikashusha riba kutoka 12 hadi 8, hapo zinaokolewa milioni 560 kila mwaka na hizo ndo zinaweza kuingia kwenye bei. Mie ningeanzia hapa, tena mnunuzi mwenye sifa ya kuchelewesha malipo anaongeza bei ya umeme kabla hata paneli hazijashushwa bandarini.

Kodi ya aina ya pili ni ile inayoshika yuniti yenyewe, kama VAT, yani kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2019 sheria ya fedha ya Bara iliweka VAT ya asilimia sifuri kwa umeme unaouzwa Zanzibar kutoka Bara. Ule ni msamaha wa maana kwa sababu umegusa kila yuniti inayopita kwenye waya wa baharini, na sisi karibu umeme wetu wote ndo unapita humo, hadi wa kwenu Pemba kupitia ule wa Tanga wa mwaka 2010. Hauhitaji kumuomba mwekezaji awe na huruma.

Kuhusu ruzuku, hapa uwe makini. Bara mwaka 2022 serikali ilianza na ruzuku ya bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya mafuta, ilisaidia sikatai, ila ruzuku ya lita kwa lita mwenye gari kubwa anapata nyingi na mwenye vespa anapata kidogo, asie na chombo anapata kwa kupitia nauli kama konda atakubali kushusha. Umeme ni hivohivo, ukipunguza bei kwa kila yuniti hoteli ya Nungwi yenye viyoyozi mia ndo itabeba pesa nyingi kuliko mtaa wako mzima. Nafuu iwekwe kwenye yuniti za mwanzo za majumbani basi, zinazotosha taa, feni, friji na simu, ukizidi hapo ulipe bei yake. Na kwa kampuni, ruzuku ilipwe kwa yuniti zilizofika kwenye gridi na zikapimwa mita, si kwa mtambo uliozinduliwa, na tarehe ya kumalizika iandikwe mule mule kwenye mkataba, kwa sababu ruzuku isiyo na tarehe kuiondoa baadae ni kazi, waulize Wanaijeria walivoamka baada ya tarehe 29 Mei 2023 rais mpya alipotangaza ya petroli imekwisha.