Mwanangu, mwili wako haujalala

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unauliza inawezekanaje upimwe, ukutwe na HPV, kirusi cha zinaa kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kisha muuguzi akurudishe nyumbani bila hata kidonge kimoja, akikutaka urudi baada ya mwaka. Hakukupuuza. Hakuna dawa ya kukiua kirusi hiki. Kinachokiondoa ni kinga ya mwili wako, nayo, kwa takriban wanawake tisa kati ya kumi, huimaliza kazi hiyo ndani ya miaka miwili.

Huchukua muda huo kwa sababu kirusi chenyewe ni kijanja. Huingia kupitia michubuko midogo isiyoonekana, kikajificha katika seli za chini kabisa za utando wa mlango wa kizazi, wala hakisambai katika damu. Hakizipasui seli kilimojificha, hakileti homa wala maumivu, hivyo walinzi wa mwili hukosa wa kuwagutusha. Wakishakitambua, seli nyeupe ziitwazo seli T huzisaka zilizoambukizwa na kuziangamiza. Kwa wengine kirusi hakifutiki. Hubanwa tu kikae kimya, kisha huibuka miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usimwandame mumeo: majibu hayo hayasemi ulikipata lini wala kwa nani.

Hatari iko kwenye aina chache, hasa ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na hufanya hivyo pale zinapodumu miaka mingi bila kushindwa. Nilipokuwa nikifanya kazi kliniki, nilipaka siki kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, nikasubiri kama dakika moja chini ya taa kuona iwapo doa jeupe, dalili ya seli zilizoanza kubadilika, litajitokeza. Wewe hukuonekana nalo, na hiyo ni habari njema. Wanaoishi na VVU tuliwaita mapema na mara kwa mara zaidi, kwani uwezekano wao wa kupata saratani hii ni mara sita ya wengine: seli zinazopaswa kukisaka kirusi ndizo VVU inazozidhoofisha.

Ule unga wa kuongeza kinga anaokuuzia shoga yako, mrudishie. Chanjo nayo haitakiondoa kirusi ulichonacho, lakini mjukuu wangu akitimiza miaka 9 achanjwe bila mjadala, maana chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili nyingi kuliko zinazotokana na maambukizi yenyewe, na siku hizi Tanzania hutoa dozi moja tu.

Tarehe ya kurudi iandike kwenye kalenda ile ya nyuma ya mlango wa jikoni. Nitakuja siku moja kabla, nibaki na watoto.

Mama yako