Swali la lugha: “Alizeti mwitu” au “alizeti ya mwitu”?

“Mwalimu, jambo. Nimeanza daftari la mimea ninayoikuta njiani nikitoka Kadutu kushuka ziwani. Mimea naiona, majina ndiyo yananishinda. Nyumbani yote tunaiita majani. Shemeji yangu wa Kigoma ananicheka, anasema majani ni ya kwenye tawi au ya chai. Ule mmea mrefu wenye maua ya njano, uliojaa kandokando ya barabara, yeye anauita alizeti mwitu. Niandike hivyo au ‘alizeti ya mwitu’? Na mmea nisioujua jina kwa Kiswahili, niutungie?” (Msomaji, Bukavu)

Andika alizeti mwitu, bila “ya”. Mwitu ni neno la zamani la msitu. Siku hizi ni nadra kulisikia likisimama peke yake, ila limebaki limeng’ang’ania nyuma ya majina mengine: nguruwe mwitu, paka mwitu, mbwa mwitu. Angalia hapo kwa mbwa. Mbwa mwitu si mbwa wa jirani aliyepotelea msituni. Ni mnyama mwingine kabisa, mwenye jina lake. Ukimtafuta yule wa jirani utasema “mbwa aliyeko mwituni”. Kwa mimea ni hivyohivyo. Alizeti ya mwituni ni alizeti ya kawaida iliyoota mahali isipotarajiwa. Alizeti mwitu ni jina la mmea wa pili, ambao wataalamu huuita Tithonia diversifolia, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Neno mwitu hapo halibadiliki hata kwenye wingi: mpera mwitu, mipera mwitu.

Ila usiliamini sana neno hilo. Linakuambia kwamba watu waliona mfanano, halikuambii undugu ni wa karibu kiasi gani. Mchicha mwitu ni wa jenasi (kundi la ndugu wa karibu ndani ya familia) ileile ya lengalenga unazonunua sokoni, Amaranthus. Alizeti mwitu na alizeti ya mafuta ziko familia moja tu, jenasi mbalimbali. Jina la mtaani halikuundwa kwa ajili ya kupanga koo.

Kuhusu majani, shemeji amecheka mapema mno. Hata kwao ng’ombe hukatiwa majani, na hayo hayatoki kwenye tawi lolote. Lakini kwa daftari neno hilo ni pana kupita kiasi. Tumia mmea kama neno la jumla. Limetokana na kumea, na kinachomea hakihitaji kupandwa na mtu, kwa hiyo linaifaa hii yako ya njiani. Chini yake utakuwa na mti, kichaka, nyasi, mmea unaotambaa. Gugu liache kwa mkulima: ni hukumu yake juu ya kilichoota asipokitaka.

Tena chunga jina ulilopewa linataja nini hasa. Kiswahili hupenda kuuweka mmea kwenye ngeli ya m-/mi- (sisi huku hutamka mu-) na zao lake kwenye ngeli nyingine: mpera huzaa pera, gome la mkwinini hutoa kwinini. Kuna na mimea ambayo kila sehemu imechukua jina lake. Muhogo uko ardhini, majani yake ni sombe, na shemeji atayaita kisamvu. Mama wa sokoni akikutajia jina, muulize kama ni la mmea mzima au la kile anachouza.

Sasa hilo la kutunga. Usitunge. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa kijana, nikauita mmea mmoja “mshubiri wa mlimani”. Jina hilo nililielewa mimi peke yangu, na baada ya mwaka hata mimi sikukumbuka nilimaanisha upi.

Andika jina ulilolisikia, kwa matamshi uliyoyasikia, na pembeni yake lugha na mahali. Ukiambiwa na Mshi, msemaji wa Mashi, kwamba kile kichaka chenye majani machungu ni mubirizi, andika mubirizi, Mashi. Ukivuka mto Ruzizi utasikia umubirizi, kwa Kinyarwanda. Ni mmea uleule, Vernonia amygdalina, ambao wataalamu wengi sasa wanauita Gymnanthemum amygdalinum. Ndiyo, na wao hubadilisha, usijilaumu ukifuta. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, neno la pili kwa herufi ndogo. Majina haya ya kitaalamu usiyabandikie viambishi vya wingi. Sema “mimea ya Tithonia imechanua”, na neno mimea ndilo litakalobeba upatanisho.

Usipopata jina lolote, eleza. Maneno unayo: shina, gome, kikonyo, utomvu, miiba. Majani yamekaa mawilimawili yakielekeana, au mojamoja kwa zamu? Ukikata kikonyo, unatoka utomvu mweupe? Maelezo ya namna hiyo yakikaa miezi sita, anayeujua mmea atautambua. Kuonja, hapana: mbegu za mbarika zinapendeza kwa madoa yake na zinaua.

Majina mengine yatakupa maelezo bure. Kile kimmea chenye mbegu nyeusi zinazonasa kwenye suruali, Bidens pilosa, Waswahili wa pwani wanakiita kishona nguo. Muulize bibi yako Mashi wanasemaje, kisha uniandikie.