Chanjo ya sukari na protini: kwa nini vifungwe pamoja, na vifungwe wapi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Nimesoma kwamba chanjo mpya ya homa ya matumbo ni sukari ya bakteria iliyounganishwa na protini ya pepopunda. Ikiwa tunataka kingamwili za kuitambua sukari, protini ni ya nini? Na mtengenezaji huamuaje mahali pa kuunganisha?

Jibu: Sukari hiyo huitwa Vi, nayo ni ganda ambalo Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo, hujifunika ili kinga ya mwili isiifikie kwa urahisi. Chanjo ya Vi tupu ilikuwapo kabla ya hii, lakini mtoto wa chini ya miaka miwili hanufaiki nayo. Seli B, yaani seli za kinga zinazotoa kingamwili, huweza kuishika sukari bila shida. Kinachokosekana ni msaada wa seli T, aina nyingine ya seli ya kinga, ambayo ndiyo huiwezesha seli B kutoa kingamwili bora na kubakiza kumbukumbu, na seli T kwa kawaida haitambui sukari bali vipande vya protini. Sukari inapokuwa imefungwa kwenye protini, seli B humeza vyote viwili, huikatakata protini, kisha huonyesha vipande vyake juu ya utando wake, na hapo seli T huitikia. Kwa sababu hiyo haitoshi kuvichanganya viwili hivyo katika kichupa kimoja: seli B iliyoshika sukari ingemeza sukari peke yake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1931 wanasayansi Avery na Goebel waliifunga sukari ya nimokoka (bakteria wa nimonia) aina ya 3 kwenye protini ya damu ya farasi, na sungura waliodungwa wakatoa kingamwili dhidi ya sukari hiyo. Hata hivyo, chanjo ya kwanza ya namna hii kwa watoto, ile ya Hib (bakteria Haemophilus influenzae aina b), iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na Kenya ikaanza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001. Kuhusu Vi iliyofungwa kwenye toksoidi ya pepopunda, yaani sumu yake iliyoondolewa ukali, jaribio la Blantyre, Malawi, lilionyesha kwamba dozi moja iliwakinga watoto wa miezi 9 hadi miaka 12 kwa takriban asilimia 80.

Swali lako la pili ndilo gumu zaidi. Sukari nyingi hufunguliwa kwa kemikali ya periodeti, ambayo hukata pale penye haidroksili (vikundi vya OH) mbili huru zilizopakana na kuacha aldehaidi, kikundi kinachoshikana na laisini, mojawapo ya asidi amino za protini. Vi haina jozi hiyo, kwa hiyo mkemia hutumia vikundi vyake vya kaboksili (vikundi vya asidi, COOH), mara nyingi kwa kupitia kiunganishi kiitwacho haidrazidi. Hapo kuna mtego: kaboni ya tatu ya viungo vingi vya mnyororo wa Vi hubeba kikundi kidogo kiitwacho asetili, na kingamwili zinazokinga hutegemea sana asetili hizo, ilhali mazingira ya alkali huzing'oa. Mimi ningepima asetili zilizosalia kabla ya kushangilia kiasi cha sukari kilichoungana. Vifungo vingi kupita kiasi navyo vina hasara, kwa maana hubadilisha na kuifunika sehemu ile ile tunayotaka itambuliwe, na sukari iliyobaki bila kufungwa lazima iondolewe na ipimwe, kwani huweza kudhoofisha mwitikio.

Kuhusu protini, toksoidi ya pepopunda hutumika sana, sawa na CRM197, ambayo ni sumu ya dondakoo iliyopoteza ukali wake kwa kubadilishwa asidi amino moja tu. Mtoto akipewa protini ile ile katika chanjo nyingi, mwitikio wake kwa sukari mpya huweza kupungua. Pengine ndiyo maana chanjo ya nimokoka ya Synflorix, yenye sukari za aina 10 za bakteria huyo, hutumia protini tatu tofauti: aina 8 zimefungwa kwenye protini D (protini ya bakteria Haemophilus influenzae), moja kwenye toksoidi ya pepopunda na moja kwenye ile ya dondakoo.