Faiba kando ya mashine ya kuchomelea

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ya kuchomelea vyuma mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Faiba yangu ya intaneti inapita sambamba na nyaya za umeme. Niipitishe kwenye bomba la chuma ili intaneti isikatike tukichomelea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya bomba iache mfukoni. Faiba hubeba mwanga ndani ya kioo, na sumaku ya mashine haiugusi. Hata kwenye njia za umeme mkubwa hupitishwa faiba, ndani ya waya wa juu wa kukinga radi! Mimi nashuku kisanduku cha ukutani, pale faiba inapoishia, na waya wa shaba unaotoka hapo. Kisogeze mbali, kipe soketi yake. Ila kama faiba ina ganda la chuma, ganda hilo liungwe na waya wa ethi, ule unaoingia ardhini, tafadhali sana.